Kizibo cha plastiki kinastahili lawama zote hizo?

Muuza mvinyo atakwambia kizibo cha plastiki ni ukombozi. Mfungua chupa atakwambia ni adhabu. Wote wana hoja, ila hawazungumzii jambo moja.

Nianze na mfungua chupa, maana ndiye anayetoka jasho. Skrubu ya kizibuo inaingia kidogo kisha inagoma. Unabana chupa kwa magoti, unavuta, kizibo kinalia kwenye kioo na hakisogei. Kikitoka, kimeng'ang'ania skrubu, na kukibandua ni kazi ya pili: ukishike kwa kitambaa, ukizungushe kinyume, huku wageni wanakutazama. Si deko. Gome la mwaloni linalotengenezewa vizibo limejaa vijichumba vya hewa, na ukiligandamiza upande mmoja halivimbi upande wa pili. Skrubu ikiingia, gome lenyewe linaipisha. Plastiki, hasa ile ngumu ya miaka ya 1990 iliyomiminwa kwenye kalibu, haipishi: inatanuka kuelekea kioo na msuguano unazidi. Tena mdomo wa chupa una upana wa milimita 18.5 hivi, wakati kizibo kabla ya kushindiliwa kina 22 hivi.

Hata hivyo, kizibuo nacho kina kesi ya kujibu. Vingi vya bei ya chini, hasa vile vya mikono miwili, vina skrubu nene yenye mhimili katikati, kama keekee ya seremala. Waya mwembamba uliosokotwa, wenye mpako unaoteleza, hupenya bila ugomvi. Kile cha kukunja cha wahudumu wa hoteli, chenye hatua mbili za kuvutia, kinatosha kabisa. Cha ncha mbili zisizo na skrubu usihangaike nacho. Kinafaa kwa gome kuukuu linalomeguka, si kwa plastiki. Vizibo vyenyewe navyo vimebadilika: Nomacorc, kampuni ya North Carolina iliyoanzishwa 1999, ilileta vyenye kiini cha povu na ngozi laini juu, na hivyo havisumbui kama vile vya kwanza.

Sasa muuzaji. Gome linaweza kubeba kemikali iitwayo TCA, inayofanya mvinyo unuke boksi lililolowa. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni, na mteja asiyejua chanzo hudhani mvinyo ndio mbovu. Kizibo cha plastiki hakiji na ugonjwa huo, hakimwagi makombo kwenye glasi, na chupa inaweza kusimama wima bila kizibo kukauka. Kasoro yake kubwa ni hewa: vile vya zamani viliivujisha mno, na mvinyo wa kutunzwa miaka kumi usingesalimika. Kwa chupa ya kunywewa ndani ya mwaka mmoja, hoja hiyo haina uzito.

Ya mazingira sitayarefusha. Mwaloni huo haukatwi. Huchunwa gome kila baada ya miaka 9, na Ureno pekee hutoa karibu nusu ya gome lote duniani. Hapo plastiki, hata ile inayotengenezwa kwa miwa, ina kazi ngumu ya kujitetea.

Kwangu mimi, shida ni kwamba plastiki iliiga umbo la kizibo cha gome ikarithi usumbufu wake wote, bila kurithi ulaini. Mwaka 2000 kundi la watengeneza mvinyo wa Clare Valley, Australia, waliamua kufunga mvinyo wao mweupe wa Riesling kwa vifuniko vya kuzungusha. TCA ya kizibo ikaondoka, na kizibuo kikaondoka nayo. Chupa nyingi za Afrika Kusini zinazouzwa Dar es Salaam na Nairobi leo hufunguliwa hivyo hivyo, kwa mkono. Kinachobaki kuitetea plastiki ni ule mlio wa "po!" ambao wateja wa mahoteli bado wanaulipia.

Wenye chupa za vizibo vya plastiki kabatini, kabla ya kununua kizibuo tazameni skrubu yake kwa mbele: njiti ya kiberiti ikipita katikati ya mizunguko, kinafaa.