Kabla hujaniambia "weka injini ya Toyota"

Jumamosi nilikuwa gereji Unga Limited, Arusha, nimeinama ndani ya boneti ya Land Rover 110 ya marehemu baba, nakaza kibano cha mpira wa rejeta. Akaja jamaa mmoja ambaye hakuna aliyemwita, soda mkononi. Akachungulia, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyefika msibani, kisha akatoa hukumu: "Dada, hiyo 300 itakusumbua. Toa, funga 1HZ, usahau." 300 ndiyo injini ya gari langu, 300Tdi, dizeli ya Land Rover; 1HZ ni dizeli ya Toyota Land Cruiser. Akanywa soda yake, akaenda zake.

Usahau! Mwaka huu nimeshaambiwa hivyo na dereva wa utalii, na muuza spea, na shemeji yangu ambaye hajawahi kushika spana, na hata na mzee wa kanisa siku ya mavuno. Wote kwa sauti ile ile, kana kwamba kuna nchi fulani ambako gari la mwaka 1996 likishawekewa injini nyingine mwenye gari huenda kulala na halimkumbuki tena mpaka Pasaka.

Sina ugomvi na Toyota. 1HZ ni injini ya heshima. Tangu 1990 ipo, silinda sita, lita 4.2, haina kompyuta ya kukuringia porini, na magari yanayopandisha wageni Ngorongoro kila asubuhi yamejaa hiyo. Aliyenunua Land Cruiser yenye 1HZ kaoa vizuri. Ninachobisha ni hii tabia ya kuichukua kama Panadol, kwamba gari lolote likikohoa unalipa hiyo.

Tena wanaosema hivyo hawajawahi kuangalia hesabu. 300Tdi ni injini ndogo, cc 2,495, lakini ina turbo, na nguvu yake ya kuvuta ni nyutoni mita 265 ikiwa kwenye mizunguko 1,800 tu. 1HZ yenye cc 4,164 inatoa kama 285, tena mpaka ifike mizunguko 2,200. Kwa hosipawa Toyota inazidi, ni kweli, karibu 130 kwa 111. Lakini ukiwa Longido kwenye korongo lenye mchanga, umepakia, unatambaa na gia ya pili, unachohitaji ni ule mvuto wa chini. Kwa nyutoni mita 20 ndiyo nikakate gari la baba yangu? Halafu panda Ngorongoro, kutoka geti la Lodoare mpaka ukingo wa kreta, kwenye mita 2,300 huko, hewa imekuwa nyepesi. Turbo inasukuma hewa ndani. Isiyo na turbo inahema kama mimi nikipanda ngazi. Na mafuta sisemi, nenda kituoni ukajionee mwenyewe nani anajaza mara ngapi.

Turudi kwenye huko kukata, maana hapo ndipo watu wanapodanganyana. Mtu anakutajia bei ya injini. Mimi nilitajiwa milioni 11, ya mtumba, imeoshwa na dizeli mpaka inang'aa, eti "haijatembea sana". Nani aliihesabia? Dashibodi yake ilibaki kwenye gari lililokatwa, ng'ambo ya bahari. Basi, tuseme umelipa. Sasa injini ya silinda sita ni ndefu kuliko iliyotoka, kwa hiyo feni inataka kukaa pale lilipo rejeta. Rejeta lisogee mbele. Mauntingi za chesisi haziendani, zikatwe, zichomelewe nyingine. Gia boksi ya Land Rover haishikani na Toyota, kwa hiyo ama uchongeshe bamba la kuunganishia, na likipinda kidogo tu klachi na beringi vinakufa mmoja baada ya mwingine, ama ununue na gia boksi ya Toyota, ambayo sasa haishikani na transifa yako, ile inayogawa nguvu magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukimaliza hapo propela, zile shafti za kupeleka nguvu kwenye difu, zimekuwa fupi au ndefu. Bomba la moshi linapita pengine. Waya, mpira wa mafuta, kebo ya akselereta, geji ya joto isiyoongea lugha moja na sensa. Na kila kimoja kati ya hivyo ni siku ya fundi, na kila siku ya fundi ina chakula cha fundi.

Na kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, kwa hiyo TRA nako utafika.

Jirani yangu wa gereji hiyo hiyo alianza safari hii mwaka juzi. Ana 110 nyeupe, nzuri kuliko yangu. Injini ya zamani ikauzwa na gia boksi yake kwa pamoja, ili kupata hela ya kuanzia. Injini ya Toyota ikaja, ikaninginizwa kwenye mnyororo, ikashushwa, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikagonga kwenye difu ya mbele. Ikapandishwa. Mpaka leo gari liko chini ya mwarobaini, injini iko pembeni imefunikwa turubai, na mle kwenye nafasi ya injini kuku wa mlinzi anaatamia. Siongezi chumvi, nimehesabu mayai tisa.

Sasa niseme la kwangu, maana na mimi si malaika.

Mwaka jana nilikuwa narudi kutoka Ketumbeine na dawa za mifugo zilizobaki, gari likachemka. Moshi wa bluu nyuma, mvuke mbele. Fundi wa kwanza hakuzima hata simu aliyokuwa anaongea: "Imenoki hiyo, mama, tafuta mtumba." Fundi wa pili naye akataka ovaholi nzima, yaani injini ifumuliwe na kujengwa upya, akanitajia bei bila kufungua nati hata moja. Ninashukuru kwamba madaktari hawafanyi hivyo. Wengi wao.

Wa tatu alikuwa mzee ambaye Land Rover kaanza kuzifungua enzi za 109, zile ndefu za zamani. Aliuliza kabla ya kugusa. "Moshi unatoka lini, mwanangu? Asubuhi ukiwasha, au ukipanda mlima?" "Unaongeza oili kiasi gani kwa wiki?" "Na maji?" Hapo kwenye maji nikaangalia chini. Kuna gasketi ndogo nyuma ya pampu ya maji, mafundi wanaiita P, ugonjwa unaojulikana wa 300. Ilikuwa inavuja miezi. Nami kila asubuhi nilikuwa naongeza maji ya bomba kwenye rejeta kama namwagilia maua.

Akaliwasha gari, akafungua kifuniko cha oili, akaweka kiganja juu yake kusikia injini inavyopumua. Akapima komprisheni, yaani mgandamizo wa hewa, silinda moja moja. Tatu zilikuwa na hali nzuri, moja imeshuka. Akafungua hedi. Hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, ikipata joto ndiyo ya kwanza kupinda, na yangu ilikuwa imepinda, gasketi imeungua. Kisha akanishika mkono, akanielekeza nipitishe ukucha ndani ya silinda, juu kabisa, pale ringi zinapoishia. Ukucha ukakwama. Kulikuwa na kigongo kidogo kama ukingo wa sahani. "Hapo ndipo gari limetembea," akasema. "Kilometa zako ziko hapo, siyo kwenye dashibodi."

Lakini kilichonikalia kichwani mpaka leo ni rejeta. Alilifungua akanionyesha tope la kutu ndani, jekundu kama barabara ya Karatu, limeziba nusu ya mirija. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwamba kama ningemsikiliza yule fundi wa kwanza, injini ya mtumba ingefungwa wapi? Ingefungwa nyuma ya rejeta hilo hilo, chini ya mikono ya mwenye gari yule yule anayemwagilia maua. Ingechemka kabla ya masika. Na hapo ningekuwa nimepoteza milioni 11 na ile injini ninayoijua vizuri, ambayo najua nani aliifungua mwaka gani na kwa nini.

Kwa hiyo mtu akinijia na swali la nijenge au nibadilishe, mimi namuuliza kwanza ni nini kilichoua ya sasa. Mara nyingi hajui. Anajua bei ya injini ya Gerezani, Dar, anajua wa kumletea kutoka Dubai, lakini hajui kama moshi wake unatoka kwenye ringi, kwenye mpira wa valvu, au kwenye turbo iliyochoka tu inayovujisha oili. Turbo! Watu wanatupa injini nzima kwa sababu ya sili ya turbo.

Haya, nikubali yale ya kukubali. Konrodi ikishatoka kuchungulia kupitia ubavu wa bloku, usijenge, zika. Mwenye 109 ya petroli, ile 2,286, anayetaka kwenda nayo kazini kila siku kwa bei ya mafuta ya leo, abadilishe tu, sitamsema. Na wale wanaobeba abiria na mbuzi kwenda minadani, ambao gari likilala siku tatu watoto wanarudishwa kutoka shule, wakitoa 300 mbovu wakaweka 300 nyingine nzima, hilo ni jambo lingine kabisa. Hapo hakuna kukata chochote, unafungua jioni unafunga kesho.

Na ovaholi, ambayo ndiyo niliyoichagua, ina wezi wake. Nililetewa seti ya ringi kwenye boksi lililoandikwa jina la kampuni kwa herufi pungufu. Nikalirudisha, nikaagiza Nairobi, nikangoja. Yule mchonga silinda naye alikataa kugusa bloku mpaka pistoni zifike. Nikadhani ananizungusha. Kumbe anapima pistoni yenyewe kwanza, ndipo achonge silinda kwa saizi yake. Wa haraka wanachonga leo halafu kesho wanatafuta pistoni ya kujaza tundu. Jumla ilinila wiki sita, nikipanda bodaboda na maboksi ya dawa mapajani, na hela ilikuwa chini ya nusu ya zile milioni 11, pamoja na rejeta kusafishwa na hedi kusawazishwa. Pampu ya maji mpya, na P yake.

Sasa gari linawaka kwa msokoto mmoja, hata asubuhi ya Julai. Naliwekea kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, badala ya maji ya bomba, ndiyo, nimejifunza.

Juzi jioni jirani wa 110 nyeupe kanipigia. Amezunguka, amekaa kitako, salamu ndefu, watoto hawajambo, mvua vipi huko kwenu. Mwishoni akauliza kama kwa bahati ninajua mahali penye gia boksi ya R380, ile ya 300, pamoja na injini yake ikiwezekana. Nikamwambia ninajua moja nzima kabisa, ila iko chini ya gari langu, na kesho alfajiri inaenda Ketumbeine.