Buabua wawili juu ya mwamba mmoja

Mwaka 2000, mpiga filamu mmoja wa Taiwan alikuwa akirekodi buabua-kishungi wakubwa, ndege wa baharini, katika visiwa vya Matsu. Kati yao wakaonekana ndege wachache weupe zaidi mgongoni, mdomo wa manjano wenye ncha nyeusi. Walikuwa buabua-kishungi wa China, ambao wengi walishakata tamaa kuwaona tena.

Kwenye orodha nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya viumbe kutoweka, jamaa hawa wako mbalimbali kabisa. Wa China yumo ukingoni mwa kutoweka. Mkubwa hayuko hatarini: anaishi kuanzia Namibia hadi Australia, na hapa kwetu huzaliana kwenye kisiwa cha Latham, mbali kidogo na pwani ya Tanzania.

Mwambani, hata hivyo, wanaatamia bega kwa bega. Mwaka 2013, visiwani Jiushan katika mkoa wa Zhejiang, watafiti walipanga sanamu za buabua-kishungi mkubwa na kuwachezea ndege sauti zao kwa spika. Wakubwa zaidi ya 3,000 wakatua, na wa China wapatao 19 wakaja pamoja nao. Bila lile kundi kubwa, nani angewavuta?

Tatizo ni kwamba ujirani huo umezaa machotara. Ndege wachache kiasi hiki wakiendelea kuchanganyika na maelfu, damu yao inaweza kumezwa polepole, tena mbele ya macho ya walinzi wao. Anayetaka watenganishwe, au machotara waondolewe, ana hoja nzito.

Mimi naona angeanzia pabaya. Uchache wenyewe ndio unaomfanya buabua kukosa mwenzi wa aina yake na kuoana na jamaa. Wavuvi waliokuwa wakiokota mayai visiwani humo ndio waliopunguza wote wawili, kwani hakuna aliyechagua yai la nadra na kuacha la kawaida. Kwa hiyo mlinzi anayelala kisiwani msimu mzima hana budi kulinda hata mayai ya ndege asiye hatarini.

Kuna habari moja inayowapa nguvu wanaotaka watenganishwe. Mwaka 2016 buabua wa China walikutwa wakizaliana Korea Kusini kati ya shakwe wenye mkia mweusi, ambao si wa jamii yao ya karibu. Huko hofu ya machotara ni ndogo, nami ningependa kituo hicho kikue. Lakini jozi za huko ni za kuhesabika, na hata zenyewe zilitafuta kundi la kujificha ndani yake.