Bakteria wa udongoni: wanapigana au wanaongea?

Mvua ya Machi ikianza kupiga Jinja, Uganda, baada ya jua kali, udongo mwekundu hutoa ile harufu inayowafanya wajawazito watamani kuulamba. Sehemu ya harufu hiyo ni jiosmini, na wanaoitengeneza ni bakteria wa jamii ya Streptomyces. Ndugu zao ndio waliotupa dawa ya streptomisini mwaka 1943. Wagonjwa wa TB wa zamani wanazikumbuka sindano zake matakoni.

Ajabu ni kwamba bakteria hawa hawatengenezi dawa wakati wote. Mpande Streptomyces coelicolor kwenye sahani ya maabara: mwanzoni ni nyuzi zisizo na rangi, zinakula na kutambaa. Siku chache baadaye chakula kinapungua, na buluu inaanza kuvuja kwenye jeli kama wino uliomwagika mfukoni. Hiyo buluu ni antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria wengine. Jeni zake, yaani maagizo ya kuitengeneza yaliyo ndani ya bakteria, zilikuwa zimelala, njaa imeziamsha.

Kwa nini njaa? Wengi wanasema dawa hiyo ni silaha. Wakati huohuo nyuzi kuukuu hujimeng'enya ili zilishe nyuzi changa zinazoinuka kuzaa spora, yaani mbegu zao ndogo. Chakula kimemwagika uani, wezi wako jirani. Lazima mlinzi aamke.

Wengine, mwanasayansi wa bakteria Julian Davies wa Vancouver, Kanada, akiwa mstari wa mbele, walipinga: udongoni dawa hizi ni chache mno kuua. Na kweli, zikiwa kidogo haziui, ila hubadili utendaji wa jeni nyingi za jirani. Basi huenda ni salamu tu.

Mimi naegemea upande wa silaha. Jeni za dawa mara nyingi hukaa bega kwa bega na jeni za kumkinga mwenyewe asidhurike. Nani huvaa ngao ili asalimiwe? Tena kipimo cha kilo nzima ya udongo hakisemi kitu kuhusu pale nyuzi mbili zinapogusana.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Jenomu ya Streptomyces coelicolor, yaani jumla ya jeni zake, iliposomwa mwaka 2002, vilionekana zaidi ya vikundi 20 vya jeni za kemikali kama hizi, na vingi havikuwa vimewahi kuonekana vikifanya kazi maabara. Njaa peke yake haikuviamsha. Kwa ndugu zake, vikundi vingine huamka bakteria mwingine akipandwa kando yao. Kwa hiyo anayechota udongo wa msitu wa Mabira akitafuta dawa mpya, akimtenga kila bakteria kwenye chupa yake, huenda anamnyima adui, au msikilizaji, anayemngoja.