Mkishampima, nani anabaki naye?

Juzi usiku nimetumiwa tangazo la ile taasisi ya hisani ya madaktari wetu, nadhani na nyie limewapitia manake limerushwa kila grupu mpaka la wazazi wa shule. Mwaka huu wanapanua huduma kwa jamii, wanasema, wanaingia maeneo mapya, kambi za kupima watu bure zitaongezeka, na chini kabisa kwa herufi za kukufokea: TUMEWAFIKIA MAELFU. Picha nane. Nimezipitia zote moja moja, na kwenye ya sita, kushoto, nyuma ya bwana aliyeshika maiki, kuna kiwiko cha mama mkubwa wangu. Nimekijua kwa lile sweta lake la kijani lililotoboka. Kwahiyo na yeye yumo kwenye hayo maelfu. Amefikiwa.

Ngoja niwaambie alivyofikiwa.

Ilikuwa Jumamosi, uwanja wa shule, mahema meupe na spika zinapiga muziki tangu alfajiri. Mama mkubwa alitembea kwa miguu, akapanga foleni, akasimama, akasimama, jua likapanda, mwisho akaitwa akakaa kwenye benchi la wanafunzi lisilo na mgongo, mkoba kapakata. Dokta kijana, fulana nyeupe yenye nembo mgongoni, akamfunga ule mkanda wa mashine ya presha juu ya mkono wa sweta. Juu ya sweta jamani! Mkanda unajaa upepo huku anamuuliza jina, umri, anaishi na nani, na yeye anajibu, mana ni mtu mzima ana adabu zake, akiulizwa anajibu. Sasa hata ile karatasi inayokaa ndani ya boksi la mashine inakwambia mtu akae kwanza kama dakika 5 atulie, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mtupu usawa wa moyo, asiongee. Hapo hata moja halikufanyika. Ikasoma 186 kwa 104.

"Mama, presha yako ipo juu sana. Kichwa kinauma?"

"Hakiumi mwanangu."

"Haya."

Akapewa vidonge vya maumivu, maumivu yenyewe hana, akapewa na vitamini, fulana moja, na barua ya rufaa kwenda kliniki ya presha hospitali kubwa. Anayefuata!

Jumatatu akaenda na barua yake. Karani wa mapokezi akaigeuza nyuma kutafuta sijui nini, akaigeuza tena mbele. "Hii ya wapi mama?" Akamwambia ya kwenu, ya madaktari. "Hapa hatuna karatasi za namna hii, anza kituo cha karibu na kwako wakupe rufaa." Nauli imeshaliwa, asubuhi imeshakwisha, akarudi nyumbani. Barua akaikunja mara nne akaiweka kwenye kile kimfuko cha zipu ndani ya mkoba, pamoja na kitambulisho, na kwa kuwa hakuna panapouma, basi, yakaishia hapo. Presha haiumi, ndo ubaya wake. Shirika la Afya Duniani linasema wenye presha ya juu kati ya miaka 30 na 79 ni kama bilioni 1.4 na karibu nusu yao hawajui kama wanayo. Mama mkubwa siku ile alitoka kwenye kundi la wasiojua akaingia kwenye kundi la wanaojua, na hicho ndo kitu pekee kilichobadilika kwenye maisha yake. Hicho na fulana, ambayo analalia.

Lakini subirini, bado sijafika penyewe. Penyewe ni hapa: barua ile ina sahihi na jina la daktari. Nilipokuja kwenda mwenyewe hospitali ile, miezi baadaye, nimelikuta jina lile lile kwenye ubao ulio mlangoni pa kliniki ya presha. Jumanne na Alhamisi. Yani Jumamosi dokta anamwandikia mgonjwa barua ya kwenda kwa dokta, dokta mwenyewe ni yeye, na Jumatatu karani anayekaa hatua ishirini kutoka mlangoni kwake anasema hii karatasi haijui. Nilisimama pale kwenye ubao nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaniangalia.

Na ndo mana hasira zangu nazielekeza kwenye taasisi hii na sio kwenye zile za wageni. Mgeni anakuja na ndege, anakaa wiki, anapasua anaondoka, humlaumu, kwao mbali. Nyie mko hapa! Nyie ndo mnazijua korido, mnajua mashine ipi imekufa na ipi inafanya kazi, mnajua ukimpigia nani mgonjwa anaonwa leo na usipompigia anaonwa baada ya miezi. Ndugu zenu wakiumwa huwa mnafanyaje? Si mnapiga simu moja? Simu hiyo ndo hazina ya taasisi ya madaktari wenyeji. Mahema hata kampuni ya sherehe inayo. Kupima presha hata mimi nikifundishwa nusu saa napima, na sipimi juu ya sweta. Kitu ambacho sina na sitakaa niwe nacho ni nafasi kwenye ubao ule, Jumanne na Alhamisi. Toeni hicho.

Na msiniambie haiwezekani, mana imeshafanyika na waliofanya ni madaktari kama nyie. Kaunti ya Buncombe, North Carolina, Marekani, mwaka 1996 chama cha madaktari wa pale kilianzisha mpango wakauita Project Access. Hawakujenga kitu. Kila daktari aliahidi idadi fulani ya wagonjwa wasio na bima atakaowaona bure kwa mwaka, kliniki kwake, kwenye kiti kile kile anachokaa mgonjwa anayelipa. Hospitali ikakubali kulaza na kupima bila malipo, serikali ya kaunti ikabeba dawa. Basi. Mgonjwa akitumwa kwa bingwa anakuta jina lake lipo, hakuna karani wa kugeuza karatasi mbele na nyuma. Daktari mmoja kujitolea wagonjwa wachache kwa mwaka hajisikii mzigo, wakijumlishwa madaktari wote wa kaunti unapata kliniki nzima ambayo haina jengo. Haina pia picha nzuri, nakubali. Huwezi kupiga drone juu ya miadi.

Kuna mwingine, huyu nampenda zaidi. Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Wales, Glyncorrwg, usiniulize kinatamkwaje. Ndiye aliyeandika mwaka 1971 kwenye jarida la Lancet kwamba huduma nzuri ya tiba huwa inapungua kadiri inavyohitajika, penye wagonjwa wengi ndo pana madaktari wachache. Watu wanamkumbuka kwa maneno hayo. Mimi namkumbukia mkanda wa presha. Alikiamulia kijiji kizima, kila mtu mzima apimwe, asiyekuja afuatwe, na wenye presha wakaitwa tena, na tena, miaka 25. Miaka, sio Jumamosi 25. Alipokuja kupiga hesabu, waliokufa mapema kijijini kwake walikuwa wachache kuliko wa kijiji jirani chenye umaskini ule ule. Hakuwa na dawa za ajabu. Alikuwa na daftari na alikuwa hahami.

Sasa nijue kushukuru kidogo, manake najua mmeshaanza kuandika "wewe umefanya nini". Kweli, kambi zina kazi yake. Kuna mzee mtaani kwetu alipewa miwani siku ile ile, akasoma gazeti kwa sauti njia nzima mpaka watu wakamkimbia. Jino bovu likishang'olewa limeng'oka. Chanjo ikishaingia imeingia. Hayo yanaisha siku hiyo hiyo na kambi inayaweza vizuri tu. Ila presha haiishi Jumamosi, ndo kwanza inaanza Jumamosi. Sukari hivyo hivyo. Ukienda kumwanzishia mtu kitu ambacho hutamaliza naye, angalau mkabidhi kwa mtu, mkono kwa mkono, sio kwa barua. Na nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba wale vijana wengi wametoka zamu ya usiku wakaja kwenye mahema bila kulipwa hata senti. Sina ugomvi nao. Aliyepanga siku nzima aimalizie kwenye maiki ndo nina ugomvi naye.

Mkitaka mfano wa kambi iliyopangwa na mtu mwenye akili, angalieni hospitali ya macho ya Aravind, India. Ilianza Madurai mwaka 1976 na vitanda 11 tu, mwanzilishi wake daktari Govindappa Venkataswamy alikuwa ameshastaafu serikalini, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Na wao wana kambi, wanapima macho vijijini. Lakini anayekutwa na mtoto wa jicho haandikiwi barua. Nje kuna basi. Anapanda, anapelekwa hospitali kwao, analala, anakula, anapasuliwa, anarudishwa, na baadaye wanamfuata kumwangalia jicho limeponaje. Walishajifunza kwamba upasuaji wa bure una nauli, una chakula, una siku ya kibarua inayopotea, na una mtu wa kukushika mkono njiani, kwahiyo bure peke yake bado ni ghali kwa asiye nacho. Na wagonjwa wanaolipa ndo wanabeba wasiolipa, hawasubiri mfadhili. Basi moja, jamani. Ule muziki na yale mahema ni mabasi mangapi?

Kuhusu dawa za msaada nitasema sentensi moja: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani tangu 1996 unataka dawa ya msaada ikifika nchini iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na zile vitamini za mama mkubwa zilibakiza wiki sita.

Kuhusu wanasiasa kwenye ufunguzi sisemi, mnawajua.

Na hili neno "kufikia" nalo linanikera. Kwa Kiswahili nilichonyonya, mgeni akifikia kwa mtu maana yake amelala hapo, mkeka umetandikwa, viatu viko mlangoni, asubuhi mnaulizana umeamkaje. Kupita uwanjani na spika hata gari la matangazo linapita.

Unataka kujua nani alimfikia mama mkubwa? Karibu miezi tisa baada ya kambi alimsindikiza mjukuu wa jirani kwenye zahanati, mtoto ana homa. Nesi wa pale, mama wa makamo, hana nembo mgongoni, akamwangalia akamuuliza, na wewe mama mara ya mwisho umepimwa presha lini? Akatoa ile barua kwenye zipu, imeshachanika kwenye mikunjo. Nesi akaisoma, hakusema kitu, akamwambia vua sweta, kaa pale kwenye kiti, usiongee. Akaendelea na mtoto. Baadaye ndo akampima, mkono huu na huu. Akamwambia arudi baada ya siku mbili, akampima tena, ndo akaonana na tabibu akaanzishiwa kidonge kimoja kwa siku, na akaandikwa kwenye daftari kubwa la mistari lenye jalada la gazeti. Mwezi uliofuata aliposahau tarehe simu ikaita: "Shikamoo mama, tulikutegemea juzi, uko salama?" Kwa vocha yake mwenyewe yule nesi, nilimuuliza, akaona aibu kama vile nimemfumania. Saivi mama mkubwa hakosi. Anaiweka kadi ya kliniki kwenye zipu ile ile, barua kaitoa ila kakataa kuitupa, ati ni ya madaktari.

Kwahiyo nikaiandikia taasisi. Nikaandika kwa heshima zote, nikaeleza habari ya ubao, Jumanne na Alhamisi, nikaomba waanze na kitu kidogo tu: kabla hawajaenda maeneo mapya, warudi kwenye maeneo ya mwaka jana na orodha ya wote waliokutwa na presha, nadhani orodha ipo mana maswali yalikuwa mengi, wawape nafasi kumi kwa wiki kwenye kliniki zao wenyewe, na wamnunulie vocha nesi mmoja kila zahanati. Nimejibiwa ndani ya dakika moja. Ahsante kwa kuunga mkono juhudi zetu, pamoja tunaweza, bonyeza hapa kuchangia.

Nimechangia. Ndio, nimechangia, msinicheke, manake bado ni madaktari wetu na hatuna wengine. Ila pale chini kuna kisanduku cha kuandika sababu ya mchango, na nimekijaza mpaka kikakataa herufi zaidi: jina la mama mkubwa, 186 kwa 104, tarehe ya kambi, jina la aliyesaini, na namba ya chumba.