Changu Aliyepaa Ngamiani

Mimi ni fundi seremala, Ngamiani, Tanga, na kwa mambo ya usalama ulimi wangu ni mrefu kuliko ubao wowote uliowahi kuingia karakana yangu. Kijana wangu wa kazi nimemkataza glavu kwenye msumeno (zikinaswa na meno zinavuta mkono mzima), nimemkataza shati la mikono mirefu, nimemkataza hata kupiga miayo. Yeye hunisikiliza huku akiitazama mashine yangu, halafu hunyamaza. Kimya chake sikukielewa mpaka Ijumaa ile.

Mashine yenyewe ni msumeno wa meza, bledi ya inchi 10. Ilikuja na kila kitu. Kifuniko cha bledi, kile cha plastiki, mke wangu alikiona akasema kinafaa kunyweshea kuku, nikampa. Kile kibati kinachosimama nyuma ya bledi ili mpasuo usijibane nilikifungua, nikawa nakipakia puti. Kijiti cha kusukumia mbao nakorogea gundi. Kwa hiyo msiseme nilivitupa. Vyote vilikuwa kazini.

Basi, napasua mtiki wa Muheza, mbichi bado, wa fremu ya mlango. Nimefika nusu, umeme ukakatika. Bledi ikasimama ndani ya ubao. Ilikuwa saa saba mchana, tumbo linaunguruma, na meza ile pana imetulia mbele yangu. Nikaweka sinia juu ya ubao: wali wa nazi, na changu mzima wa kukaanga.

Swichi? Umeme haupo, nani anakumbuka swichi? Zipo zinazojizima zenyewe umeme ukikatika, zikangoja mtu abonyeze upya. Yangu niliifunga ya taa za nyumbani, haina akili hiyo.

"Fundi, si tukae kwenye mkeka?" kijana akauliza.

"Mkeka una vumbi."

Nikainuka kufuata ndimu. Ndimu ile, jamani, nisingeibadilisha hata kwa ng'ombe. Maana ndipo watoto wa mtaa mzima walipopaza sauti: "Umeruuudi!"

Bledi ya inchi 10 ikizunguka mara 2,900 kwa dakika, jino lake linakimbia karibu kilomita 140 kwa saa. Basi la Dar haliruhusiwi kupita 80. Mtiki ulikuwa umeshaibana bledi, na meno ya nyuma, ubao ukiyabana, yanauinua na kuurusha kule kule anakosimama fundi. Ukapita pale lilipokuwa tumbo langu punde tu, ukatoka mlangoni, ukaipata baiskeli yangu. Rimu ya mbele ikawa nane.

Changu hakwenda na ubao. Yeye alikwenda juu. Alikuwa maiti tangu alfajiri, lakini nakuapia baharini hakuwahi kuruka vile. Akagusa bati, akageuka, akatua kifuani kwa mteja wangu, mzee wa heshima zake, ndiyo kwanza anaingia kutoka msikitini na kanzu nyeupe, kuulizia fremu yake. Wali ukamfuata, ukamkalia kofiani.

Nilitafuta neno la kusema. Lililotoka ni moja tu:

"Shikamoo."

Na kwa kuwa ni mtu wa Tanga, alijibu kwanza. "Marahaba." Kisha akambandua changu kifuani, akamtazama, akanitazama mimi.

"Ndiyo fremu yenyewe hii?"

Kijana alikuwa ameshazima mashine. Sikumwona usoni, alikuwa amenipa mgongo, ila mabega yalikuwa yakimtetemeka.

Jioni, baada ya kumlipa dobi, nikaikokota baiskeli hadi nyumbani, nikapitiliza moja kwa moja bandani. Mke wangu akanizuia mlangoni.

"Ngoja kwanza, baba watoto. Wanakunywa."