"Very" kwenye lebo ya asali

Mwezi uliopita mfuga nyuki mmoja wa Sikonge alinijia hapa Tabora mjini na lebo ya asali yake, nimkagulie Kiingereza kabla haijachapwa: "Very pure and too sweet honey". "Too" tuliifuta papo hapo. Yeye alikusudia "tamu mno", lakini msomaji wa Kiingereza angeelewa utamu uliozidi hadi unakinaisha. "Very" ndiyo iliyotuweka kitako.

Nilimwambia asali ama ni safi ama imechanganywa. Ukiandika "very pure", mnunuzi anaanza kujiuliza kama ipo pia iliyo safi kidogo. "Perfect" na "unique" nazo ni hivyo hivyo, zimeshafika kileleni. Tena "very" yenyewe imechakaa: ilitoka Kifaransa cha kale ikiwa na maana ya "kweli", ikatumika mpaka ukweli ukatoka, ikabaki kukuza tu.

"Mwalimu, mbona sisi tunasema safi kabisa?"

Swali hilo lilinigusa, kwa sababu ana hoja. Kiswahili hukoleza sifa bila kuona haya: nyeupe pee, nyeusi tii, giza totoro. Ila hakuna asemaye nyeusi pee. Kila sifa ina mwenzake. Kiingereza nacho kina ndoa zake. "Absolutely" inakaa vizuri na "excellent", ilhali "very excellent" inakwaruza masikio ya leo. "Highly" huenda na "recommended", "deeply" na "grateful", na "utterly" huelekea zaidi kwenye mabaya. Kwa hiyo mara nyingi kosa huwa katika kuoanisha, kukoleza kwenyewe hakuna ubaya. Hata ladha hubadilika: Shakespeare aliandika "very excellent", na katika Julius Caesar akarundika "most unkindest", ambayo leo mwanafunzi angekatwa alama. Tamthilia hiyo ndiyo aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kurudi kufundisha hapa hapa. Tafsiri yake ilitoka mwaka 1963.

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaofuta kila kikolezo wanachokutana nacho. Mzazi anayemwandikia mfadhili aliyemlipia mwanawe ada, akiishia "I am grateful", barua inapoa mkononi. Hapo "deeply" inabeba moyo wa mtu, na ningesikitika kuiona imekatwa.

Lebo ni jambo jingine. Anayeisoma hamjui mfugaji, hajaonja, na ana chupa nyingine tano mbele yake. Anachotaka ni kitu cha kushika: asali ya wapi, ya msitu gani, imerinwa lini.

Mfugaji alikubali, ingawa si kwa haraka. Tukaandika "Pure miombo honey", chini yake mwezi wa kurina, na katika nafasi iliyoachwa na "very" likaingia jina la Sikonge.