Hata kama hakuharibu kitu

"Kwani aliharibu nini?" Ukisema unataka kumshtaki mtu aliyekatiza kwenye ardhi yako, hilo ndilo swali utakaloulizwa kwanza, hata na ndugu zako. Ukijibu kwamba hakuharibu chochote, unaonekana mgomvi tu. Mimi naona ugomvi huo una haki yake.

Katika nchi ambazo sheria zake zina asili ya Uingereza, kuingia ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa la madai kwa kule kuingia kwenyewe. Jaji Camden alilitamka hilo mwaka 1765, katika kesi ya wajumbe wa mfalme waliopekua nyumba ya mwandishi mmoja London: kukanyaga tu kunatosha, hata pasipo hasara.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Wisconsin, Marekani. Majira ya baridi ya 1994, kampuni ilitaka kumfikishia mteja nyumba ya kuhamishika. Njia ilikuwa imefunikwa na theluji, tena ina kona kali, kwa hiyo shamba la wazee wawili, mume na mke, likaonekana mkato mzuri. Wazee wakakataa. Wakabembelezwa, wakaulizwa wanataka kiasi gani, wakajibu kwamba si suala la pesa. Kampuni ikachimba njia kwenye theluji, ikapita hivyo hivyo. Faini yake ilikuwa dola 30. Wazee walipofungua kesi ya madai, jopo la raia liliwapa fidia ya dola 1, kisha likaitoza kampuni dola 100,000 za adhabu. Jaji akaifuta adhabu hiyo. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu ya jimbo ikairudisha.

Wapo wanaosema ni nyingi mno kwa shamba ambalo halikupata hata mkwaruzo. Lakini dola 30 kwa kampuni ni nauli: unalipa, unapita, kesho unarudi. Na wazee wale hawakuwa wakaidi bure. Waliamini walishapoteza kipande kingine cha ardhi kwa sababu mtu alikitumia muda mrefu bila kuzuiwa.

Bila shaka kukataa nako kuna mipaka. Mwaka 1908 mahakama ya Vermont, jimbo jingine la Marekani, iliamua kesi ya familia iliyofunga boti kwenye gati la mtu kukwepa dhoruba, mtumishi wa mwenye gati akaifungua. Mahakama ilisema familia ilikuwa na haki ya kujiokoa pale. Sawa kabisa.

Ninazozitilia shaka ni kesi za mpaka. Huyu ana hati, jirani naye ana yake, wanagombania hatua mbili za ukuta. Jirani hajapuuza katazo la mtu. Anaamini yuko kwake. Kumdai fidia ya adhabu ni kuchosha mahakama na mfuko wako. Tafuteni mpima ardhi mnayemkubali wote, azifukue alama za mpaka. Ila jirani akishaonyeshwa alama halafu akaendelea kumwaga zege, mimi ningeomba zuio la mahakama siku hiyo hiyo, kabla ukuta haujafika kwenye madirisha, maana jaji huona ugumu zaidi kuamuru jengo lililokwisha ezekwa libomolewe.